Kabla ya kununua nyumba ya mawe Lamu

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, na sote wawili tunafanya kazi kwa kompyuta kutoka nyumbani. Tuna watoto wa miaka 9 na 6, na mamangu mzazi anaishi nasi. Ana kisukari na anadungwa insulini. Desemba tulikaa Lamu wiki moja, na tangu turudi hatuna mazungumzo mengine. Hakuna magari, watoto walicheza nje hadi usiku, watu wanasalimiana. Dalali alituonyesha nyumba ya zamani mtaa wa Mkomani, ya ghorofa moja juu, na bei yake si ya kutisha, ila anataka arubuni kabla mwezi haujaisha. Sisi ni Wakristo na hatuna jamaa yeyote huko. Je, tuinunue? Na maisha ya huko kweli yatatufaa?

Jibu: Dada yangu, arubuni msitoe. Nyumba hiyo pengine imesimama pale Mkomani miaka mia mbili, na mwezi huu haiendi popote. Akiitwaa mwingine, ziko nyingine, na nyingi hukaa zikingoja mnunuzi muda mrefu kuliko madalali wanavyopenda mjue. Kuhamia Lamu na kununua nyumba Lamu ni mambo mawili, na dalali wa mji wowote hula kwa kuyafanya yaonekane moja. Kuhamia, mimi nasema ndiyo, mradi mpange kwanza na mkae mwaka mzima. Kununua, bado. Tena kuna jambo moja la mamako ambalo likishindikana, yote mawili myaweke kando. Nitalifikia.

Kazi yangu ni kukarabati majumba ya kale ya pwani, na wengi wanaokuja kwangu huwa wameshapenda mlango wa nakshi, mji wenyewe hawajauuliza kitu. Nyinyi mmependa mji, na hapo mko mbele yao.

Mlichokipenda kina sababu zake, na ni vizuri mzijue, kwa sababu ndizo hizo hizo zitakazowasumbua. Lamu ilipangwa kabla ya gari kuwa jambo la kufikiriwa. Vichochoro ni vyembamba ili kuta ndefu za pande mbili zitiane kivuli. Mpita njia na punda aliyebeba mchanga wakikutana, mmoja hujibana ukutani, na huyo si punda. Gari haliwezi kuingia hata likitaka. Mwaka 2001 UNESCO ilipouandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, eneo lililoandikwa lilikuwa hekta 16 tu, shamba ambalo mtu angelizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Ndani ya hekta hizo nyumba nyingi zina daka mbele ya mlango, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe huku na huku, na kwenye viti hivyo mara nyingi pana mtu. Watoto wenu walicheza hadi usiku kwa sababu hapakuwa na gari la kuwagonga, na kwa sababu wale wazee walikuwa wakiangalia. Hilo la pili halinunuliwi pamoja na nyumba. Mtalipata polepole, wazee wakishawajua watoto wenu kwa majina.

Sasa upande wa pili. Kila kitu Lamu huja kwa mashua. Mtungi wa gesi, friji, godoro, mfuko wa simiti, vyote vinashuka Mokowe, vinavuka maji, vinapandishwa gatini, kisha ni punda au mahamali hadi mlangoni kwako. Kila mkono hapo unalipwa, na hiyo ndiyo sababu bidhaa za dukani zina bei juu ya zile mlizozoea. Mboga na matunda mengi hutoka bara, Mpeketoni na Witu. Mvua ikikata njia au bahari ikichafuka, soko linapungua siku hiyo hiyo. Samaki ni wazuri na wa leo, lakini leo ya Julai si leo ya Desemba.

Na hapo kwenye Desemba niseme wazi. Mlikuja wakati wa kaskazi, bahari imetulia, jua lipo, wageni tele, kila mwenye mkahawa amefungua. Njooni Mei. Masika Lamu huwa na nguvu zaidi mwezi huo. Kusi limeshaanza, mawimbi ya nje ya kisiwa ni makubwa, wavuvi wengi hawavuki miamba, na baadhi ya hoteli za Shela, kijiji jirani cha ufukweni, hufunga kabisa kwa ukarabati. Mitaro ya wazi inayopita vichochoroni hujaa na kubeba kila kilichotupwa, pamoja na mavi ya punda. Mbu huongezeka. Nguo hazikauki, viatu vya ngozi vinaota ukungu, na kitabu kilichoachwa rafuni kinajikunja. Ikiwa katikati ya wiki kama hiyo mtafungua mlango jioni, mvua imekatika, muone kina mama wametoka na watoto wao na mkajiona na nyinyi mnataka kutoka, basi mji umewakubali na mmeukubali. Mkitamani Ruaka, mtakuwa mmepoteza kodi ya miezi michache tu.

Nije kwa mamako, maana yeye ndiye atakayeamua, hata kama hamjamwambia hivyo.

Nyumba ya kale ya Lamu haikujengwa kwa ajili ya mzee mwenye magoti mabovu. Familia iliishi juu, kwenye upepo. Chini palikuwa pa stoo na watumishi, tena, tusifichane, watumwa. Ngazi ni za mawe, zina mwinuko mkali, nyembamba, na hupinda. Mzee anayepanda hapo mara tatu kwa siku leo, baada ya miaka mitano anaweza kuwa mtu wa kuketi juu na kuletewa chakula. Mgonjwa wa kisukari ana hatari nyingine: ganzi ya miguu. Vichochoro vina mawe yaliyochongoka, ngazi zisizotarajiwa na misumari ya mafundi mashua. Kidonda kidogo cha mguu, ambacho kijana hakitambui, kwake ni jambo la hospitali.

Hospitali ipo mjini, ya kaunti, inayoitwa King Fahd. Kwa malaria, kujifungua, kushona jeraha na kupima sukari inafaa. Kwa daktari bingwa wa macho, figo au moyo, mategemeo ni Malindi, Mombasa au Nairobi. Mchana si tatizo kubwa: mashua hadi kiwanja cha ndege cha Manda ni dakika chache, na ndege hadi Nairobi ni saa moja na kidogo. Usiku ni hadithi nyingine. Hakuna gari la wagonjwa litakalofika mlangoni. Kuna machela, mabega ya vijana wa mtaa (na watakuja, hilo sina shaka nalo), mashua, halafu gari upande wa Mokowe kuelekea barabara ndefu. Kwa hiyo kaeni na daktari wake kabla ya kukaa na dalali. Mwulizeni maswali mawili tu: figo na macho yake yako katika hali gani, na mara ngapi kwa mwaka anahitaji kuonwa na bingwa. Kama jibu ni mara moja au mbili, inawezekana. Kama kuna dalili kwamba dialisisi iko mbele, msiende Lamu. Angalieni Malindi au Mji wa Kale wa Mombasa, ambako historia ipo, bahari ipo, na hospitali kubwa iko ng'ambo ya mtaa.

Insulini yenyewe inahitaji friji, na friji inahitaji umeme usiokatika sana. Tangu Lamu iunganishwe na gridi ya taifa hali ni afadhali kuliko enzi za jenereta, ila umeme hukatika. Chupa iliyofunguliwa huvumilia joto la chumba wiki nne hivi, mradi lisizidi nyuzi 30, na Machi ya Lamu huzidi hapo. Mtungi wa udongo unaopoza vizuri sana nyanda kavu hausaidii sana hapa kwa sababu hewa imejaa unyevu. Nunueni betri na inverta ya kuendesha friji ndogo usiku kucha, mje nayo.

Watoto watakuwa wa kwanza kuzoea, lakini jitayarisheni kwa jambo ambalo wazazi kutoka bara huwa hawalioni mbele. Wenzao wa mtaani, baada ya shule, huenda chuoni kusoma Kurani. Kuna saa za alasiri ambapo kichochoro kizima hakina mtoto isipokuwa wa kwenu. Si kubaguliwa, ni ratiba tu. Wapangieni saa hizo kazi yake: kuogelea, kazi za shule, kujifunza kuendesha mashua na nahodha mnayemwamini. Kwa shule, za serikali na za binafsi zipo, ila uchaguzi ni mdogo mno kuliko Nairobi. Mtoto wa miaka 9 atafika sekondari kabla hamjajua, na familia nyingi za Lamu zenye uwezo huwapeleka watoto wakubwa Mombasa au bweni. Yapangeni hayo mapema.

Kuhusu dini na ugeni: makanisa yapo, na Wakristo wameishi Lamu miaka mingi, walimu, maafisa, wafanyabiashara. Hakuna atakayewauliza mnasali wapi. Mtaulizwa mengine, kimya kimya. Je, mnasalimu? Mwenye nyumba ya pili akifiwa, mnafika? Mfungo wa Ramadhani unapita mbele ya mlango wenu mchana, mnakula barazani au ndani? Adhana ya alfajiri mtaizoea ndani ya wiki mbili. Punda wanaolia saa tisa usiku huchukua muda zaidi. Mavazi ya wastani, pombe isionekane. Na mwezi wa Mfungo Sita, Maulidi yanapofika, mji hufurika wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo, hasa upande wa Langoni ulipo Msikiti wa Riyadha alioanzisha mwanachuoni Habib Saleh. Mgeni mwenye busara siku hizo hafungi mlango akingoja kelele ziishe. Hufungua, akatoa kahawa.

Jambo moja la mtaa ambalo vipeperushi vya utalii havilisemi: unga. Vijana kadhaa wa Lamu wameharibiwa na heroini, na udokozi wa simu na viatu mlangoni mara nyingi hutoka hapo. Si mji wa kutisha, na usiku mtatembea, ila msidhani mmehamia mahali pasipo na shida za sehemu nyingine za nchi.

Sasa nyumba. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa huzama.

Ukuta wa nyumba ya mawe ya Lamu ni matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene wake nusu mita, wakati mwingine zaidi. Sakafu na paa hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti nzuri haina urefu usio na mwisho, vyumba vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, na urefu wowote. Ndiyo sababu mlipoingia mliona vyumba kama korido, kimoja nyuma ya kingine: misana miwili inayotazama kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, kisha ndani kabisa chumba cha mama mwenye nyumba na ukuta wake wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu. Hewa moto hupanda kupitia kiwanda, baridi huingia kutoka kichochoroni. Haya yote hufanya kazi vizuri ajabu, bila feni, mpaka pale mtu anapoyaingilia.

Na karibu kila nyumba imeshaingiliwa. Kosa la kwanza ni simiti. Mwenye nyumba wa miaka ya nyuma aliona lipu ya chokaa inabomoka, akapiga simiti juu yake. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani, kisha huyatoa kwa kupumua. Chumvi hutoka nayo. Simiti haipumui. Maji na chumvi hubaki ndani, ukuta hulika kwa nyuma, na baada ya miaka lipu nzima huanguka kipande kimoja pamoja na uso wa jiwe. Mkiingia nyumba hiyo ya Mkomani tena, gongeni kuta za chini kwa kifundo cha kidole. Sauti ya mtungi mtupu maana yake hapo ndani hamna kitu. Mkikuta mstari wa unyevu umefika kiunoni, au ukuta umepakwa rangi mpya chini peke yake wakati juu ni ya zamani, mjue mnafichwa kitu.

La pili ni ncha za boriti. Boriti huoza pale inapoingia ukutani, ambapo hamwezi kuona, kwa sababu paa linavuja na maji hukimbilia huko, kisha mchwa hufuata. Katikati ya chumba boriti yaonekana ngumu kama chuma, imepakwa mafuta, imependeza. Dari ya asili ni nzito sana, mawe na chokaa vilivyoshindiliwa unene wa sentimita kadhaa, na ncha zikiisha inashuka yote kwa pamoja. Chukueni fundi wa hapo, si wa Nairobi, achome kila ncha kwa bisibisi. Kila moja. Dalali atanuna, mwacheni anune.

La tatu ni ghorofa ya zege iliyoongezwa juu. Kuta za chini hazikupimwa kwa uzito huo, na nyufa za mshazari kwenye kona za milango ndizo husema. Chumba cha juu cha makuti ni chepesi na kina upepo wa kulala mchana kutwa, ila makuti ni moto unaosubiri cheche. Nyumba zimebanana na mashine ya zimamoto haipiti kichochoro. Kama nyumba ina makuti, ulizeni nyaya za umeme zimepita wapi.

Halafu maji. Mji hutegemea visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, ambako maji ya mvua hujichuja na kukaa juu ya maji ya chumvi. Hapo majumba ya kifahari yanazidi kusogea, na wenyeji wamekuwa wakilalamika, kwa haki, kwamba mchanga huo ndio tangi lao. Bomba hutoa kwa zamu. Kisima cha ndani ya nyumba, kama kipo, mara nyingi kina maji ya chumvichumvi na kiko karibu na shimo la choo, lenu au la jirani. Cha kuoshea vyombo sawa, cha kunywa hapana. Birika la zamani bafuni likiwepo, lisafisheni mlitumie. Watu wa kale walitia visamaki wadogo ndani wale viluwiluwi vya mbu, na mbinu hiyo haijapitwa na wakati. Ila ongezeni tangi, na angalieni kwanza kama paa litalibeba.

Vifaa vya kutengenezea navyo vina mambo yake. Chokaa nzuri inahitaji kuchomwa, kulowekwa na kungojwa. Fundi anayewaahidi kumaliza kwa wiki tatu atatumia simiti. Boriti, licha ya Lamu kuwa na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hazipatikani kila wakati: mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, wakataji wa Lamu walikaa bila kazi na kazi za ukarabati zikasimama. Na si yenu kubadilisha mtakavyo. Mji mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa kisheria mwaka 1986, na kabla ya kutoboa dirisha upande wa kichochoro au kupandisha ghorofa lazima ruhusa ipatikane kwa afisi ya Makumbusho ya Taifa pale Lamu. Mlango wa nakshi wa zamani hamruhusiwi kuung'oa na kuupeleka mtakako. Mimi naona sheria hizi ni nzuri, hata zinaponichelewesha. Bila hizo msingekuwa mmeniandikia.

Tuje kwenye karatasi. Hapa hitaji ni wakili anayejua pwani, si binamu wa mume wako aliyeko Thika.

Nyumba nyingi za Mkomani zina wenyewe wengi. Babu alikufa, mirathi haikugawanywa, na sasa warithi wako Mombasa, Dar es Salaam, Muscat na Jeddah. Anayewauzia ni mmoja wao, mwenye ufunguo. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe na haki ya kuuza peke yake. Dai kuona uamuzi wa mirathi kutoka korti ya kadhi, na sahihi ya kila mrithi aliyetajwa humo. Muwe na jicho hasa kwa wanawake. Desturi ya zamani ya Lamu ni baba kumjengea au kumpa binti nyumba anapoolewa, ndiyo maana mnaona wikio, vile vyumba vilivyojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba ya mama na ya bintiye. Mara nyingi mwenye mali halisi ni bibi fulani aliye juu, ambaye wanaume wanaojadili bei barazani hata hawajamtaja. Ombeni wewe, dada, ukamsalimie. Mazungumzo ya dakika kumi naye yatawaambia mambo ambayo hati haisemi.

Pili, wakfu. Mali iliyowekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi haiuziki. Huweza kupangishwa tu. Ulizeni kwa Makamishna wa Wakfu kabla ya kulipa chochote. Tatu, mipaka. Ukuta mmoja hubeba nyumba mbili, wikio la mtu mmoja hukaa juu ya mlango wa mwingine, na chumba cha chini huweza kuwa cha familia tofauti na cha juu. Linganisheni hati na ramani ya mpima, kisha tembeeni chumba kwa chumba mkiwa na majirani wote. Kisha ndio mambo ya kawaida ya Kenya: uchunguzi rasmi wa hati katika afisi ya ardhi, idhini ya mke au mume wa muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Kwa msomaji asiye raia wa Kenya anayetupia jicho jibu hili: Katiba ya 2010 haikupi milki ya kudumu, utapata ukodishaji usiozidi miaka 99.

Kazi yenu ya kompyuta inawezekana. Mtandao wa simu ni mzuri mjini. Mtakachogundua siku ya kwanza ni kwamba ukuta wa matumbawe wa nusu mita huua mawimbi: kifaa cha waifai kilicho msana wa nje hakifiki chumba cha ndani. Fungeni nyaya kati ya ghorofa na mfanyie mikutano juu, karibu na paa. Wekeni laini za kampuni mbili tofauti.

Kuhusu usalama wa eneo sitawapoza moyo wala kuwatisha. Juni 2014 Mpeketoni, bara, ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Baada ya hapo amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa na utalii wa kisiwa ukaanguka kwa miaka. Mji wa Lamu wenyewe umebaki tulivu. Hatari zaidi iko njiani na kwenye misitu ya bara kuelekea mpaka wa Somalia. Barabara ya Garsen hadi Mokowe sasa ina lami, na basi kutoka Mombasa ni safari ya kutwa. Safirini mchana, mkifuata maelekezo ya polisi ya siku hiyo, na kwa mama nunueni tiketi ya ndege.

Bandari mpya ndiyo inayonifanya nifikirie Lamu ya miaka ishirini ijayo. Gati la kwanza la upande wa Kililana lilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi walikuwa wameshakwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mradi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe ulisimamishwa Juni 2019, baraza la mazingira lilipofuta leseni yake. Ukitazama yote hayo utaona mji ambao wenyeji wake huamka kuutetea, jambo ambalo ni zuri, na pia mji wenye watu wanaotaka kazi, jambo ambalo wageni wapenda utulivu husahau. Kijana wa Langoni anayetaka bodaboda ipite barabara ya nje ya mji si adui wa urithi. Ana mama wa kumfikisha hospitali kama wewe.

Mkitaka ratiba yangu, ni hii. Likizo ya Aprili, mmoja wenu atangulie kwa siku chache, atafute nyumba ya kupanga. Asianzie Mkomani, atazame mitaa ya juu kama Gardeni au Kashmiri, ambako kuna nyumba mpya zenye vyumba vya chini, choo cha kukaa, na mwenye nyumba anayeishi karibu. Kodi ya mwezi kwa mwezi ikiwezekana. Watoto wahamishiwe shule muhula wa pili, ili waione masika na kusi wakiwa na wenzao, si wakiwa wageni hotelini. Mama abaki kwa ndugu yako, au na mlezi Ruaka, hadi Agosti, mvua ikiwa imepungua na nyinyi mmeshajua nesi gani ana mkono mwepesi na duka gani la dawa lina insulini ya aina yake, na huagiza kutoka wapi inapoisha. Nyumba ya Ruaka msiiuze. Ipangisheni kwa mkataba wa mwaka. Na dalali mwambieni ukweli, kwamba mtakuwa mkiishi mjini na mtaonana naye barazani. Atawaletea nyumba nyingine, na safari hiyo bei itakuwa ya jirani.